Namba za mzigo zinazoanza upya kila mwaka: zilivyotuumiza mwaloni Kigoma, na nilivyozijenga upya

dagaa_mkavu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Jambo hili nimekuwa nikisita kuliandika, lakini kila baada ya muda naona kijana anauliza swali lilelile, la namna ya kutoa namba zinazoanza 1 kila mwaka, na majibu anayopewa ndiyo yaleyale yaliyonifikisha pabaya. Leo naliweka lote. Ni refu, mnivumilie.

Nipo Kigoma mjini. Kikundi cha akina mama wachuuzi wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi, mitumbwi inaposhushia samaki, waliniomba niwatengenezee programu ya kupokea mzigo. Mtumbwi ukifika, dagaa wabichi wanapimwa kwa beseni, karani anaandika mwenye mali, idadi ya beseni na mtumbwi uliowaleta, kisha mama anakabidhiwa stakabadhi yenye namba. Dagaa wakikauka na kuingia kwenye magunia, namba ileile inaandikwa kwa wino mzito kwenye lebo. Kuanzia hapo gunia halina jina tena, lina namba. Linapanda lori au behewa, linafika Tabora au Dar, na aliyelipokea anapiga simu: "Ile 317 ya mwaka huu imefika, magunia manne, moja limelowa." Hela nayo inarudi kwa namba hiyohiyo.

Kuanza upya kila mwaka walitaka wenyewe, na sikuona sababu ya kuwabishia. Sote tumekua na namba za namna hiyo. Namba ya mtihani wa kidato cha nne ni shule, mtahiniwa, mwaka: S0101/0023/2012. Kila shule ina 0001 yake na kila mwaka una 0001 yake, na hakuna anayechanganyikiwa kwa sababu vipande vyote vitatu vinatajwa pamoja.

Mwanzoni, mwaka 2023, nilifanya wanavyofanya wengi: programu inatafuta namba kubwa kuliko zote za mwaka huo, inaongeza moja. Namba nzima nilikuwa nimeihifadhi kama maandishi, bila sifuri za mbele. Kwa maandishi, "2023/999" ni kubwa kuliko "2023/1000", maana kompyuta inalinganisha herufi kwa herufi na 9 inaishinda 1. Mzigo wa elfu moja ulipopita, programu ikaendelea kuona 999 ndiyo kubwa, na kila aliyefuata akapewa 1000. Lile liligundulika siku hiyohiyo, nikatenganisha mwaka na namba, nikaviweka kwenye safu mbili za tarakimu. Ila ubovu wa pili wa njia ile ulibaki. Makarani wawili wakibonyeza kwa pamoja, wote wawili wanaona 1204 ndiyo ya mwisho, wote wanaandika 1205. Na ukifuta rekodi ya mwisho, namba yake inapewa mtu mwingine wakati stakabadhi ya kwanza ipo tayari mkononi mwa mwenyewe.

Nikahamia kwenye sikwensi ya PostgreSQL, yaani kaunta ya kutoa namba iliyojengwa ndani ya kanzidata hiyo (programu ya kuhifadhi rekodi). Kila anayeomba anapewa namba yake, hata wakiomba mia kwa sekunde moja hawagongani. Lakini sikwensi haijui mwaka. Kwa hiyo nikapanga kazi ijiendeshe yenyewe kwenye seva saa sita usiku wa kuamkia Januari mosi na kuirudisha sikwensi kwenye 1. Naomba msome sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu msiba wote umo humo.

Seva ile ilikodiwa nje na saa yake ni ya UTC, saa ya msingi ya dunia. Sisi tuko saa tatu mbele. Saa sita usiku ya seva ni saa tisa usiku ya Kigoma. Mwaka kwenye namba, kwa upande wake, ulikuwa unatoka kwenye saa ya tableti ya mwaloni.

Tarehe 31 Desemba 2024 usiku ulikuwa wa giza, mwezi mpya ulikuwa umeingia usiku wa kuamkia siku hiyo. Mnaojua ziwa mnajua maana yake: dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi gizani. Wavuvi waliingia kama kawaida, sikukuu au si sikukuu. Mitumbwi ya kwanza ikarudi saa nane usiku. Karani akapokea mizigo saba kabla ya saa tisa. Tableti ilisema 2025, sikwensi ilikuwa bado inahesabu ya 2024. Zikatoka 2025/2862 mpaka 2025/2868. Saa tisa sikwensi ikarudi, mzigo uliofuata ukawa 2025/0001.

Hakuna aliyeona. Wala mimi. Zile namba saba zikakaa mbele ya njia zikisubiri. Na zilikuwa karibu, maana 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, hesabu ya mwaka huo ikawa ndogo. Mwezi Novemba 2025 hesabu ikafika 2862, na ikatoa mara ya pili namba zilizokwishatoka Januari.

Mama mmoja akapewa 2025/2864. Magunia yake yakaenda Tabora, mnunuzi akalipa kwa namba hiyo. Programu ikatafuta 2864, ikaikuta ya Januari kwanza, ikaandika malipo kwa mwenye mzigo wa Januari. Mama alipokuja kudai akaonyeshwa kioo: mzigo huu ulishalipwa zamani. Siku tisa alikuwa anakuja asubuhi na karatasi yake mkononi, na watu wakaanza kumtazama kama mtu anayetaka kulipwa mara mbili. Hajui kompyuta, ila alijua amebeba beseni ngapi. Yeye ndiye alikuwa sahihi na programu yangu ndiyo iliyokuwa inasema uongo.

Baada ya hapo nikaacha kabisa wazo la "kurudisha" kaunta. Hakuna kinachorudishwa. Kila mwaka una kaunta yake, mstari wake kwenye jedwali dogo, na mstari huo unazaliwa wenyewe siku mzigo wa kwanza wa mwaka unapopokelewa (KB1 ni alama ya tableti moja ya Kibirizi):

INSERT INTO kaunta (kituo, mwaka, mwisho)
VALUES ('KB1', 2026, 1)
ON CONFLICT (kituo, mwaka)
DO UPDATE SET mwisho = kaunta.mwisho + 1
RETURNING mwisho;

Kama mstari wa mwaka haupo, unaundwa na 1. Kama upo, unaongezwa moja na unakurudishia jibu. Yote kwa tendo moja, hakuna nafasi ya mwingine kuingia katikati. Hakuna kazi ya usiku wa manane, hakuna umeme wa kukatika wakati mbaya. Inafanya kazi kwenye PostgreSQL kuanzia toleo la 9.5.

Kisha nimeweka sharti la upekee kwenye jedwali la mizigo: kituo, mwaka na namba kwa pamoja visijirudie. Sharti hili lingekuwepo tangu mwanzo, Novemba ile karani angeona ujumbe wa kosa, ningepigiwa simu, na mama asingesimama mlangoni siku tisa. Kati ya yote niliyoyaacha, hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ni mstari mmoja.

Naomba kuwasilisha. Maswali na masahihisho karibuni.

---

mwembe_ujiji

Mkuu asante kwa uzi. Ila mimi nauliza, kwa nini msiachane na mwaka kabisa? Tumia namba moja inayopanda milele. Haigongani, haina Januari.

---

dagaa_mkavu

Mkuu, ndani ya kanzidata ndivyo ilivyo sasa. Kila rekodi ina ufunguo wake usiobadilika, unapanda milele, hakuna binadamu anayeuona, na malipo yanafungwa kwenye huo. Namba ya mwaka ni ya watu. Inasemwa kwenye simu yenye mikwaruzo, inaandikwa kwa kidole chenye maji ya ziwa. "Mia tatu kumi na saba ya mwaka huu" inabebeka kichwani. Kosa langu lilikuwa kuitumia namba ya watu kutafutia hela bila kuhakikisha ni ya mtu mmoja. Kwa hiyo vyote viwili viwepo, kila kimoja kwa kazi yake.

---

karani_mstaafu

Vijana, nimekuwa karani wa mizigo miaka 22, kabla ya kompyuta kufika kwenye meza yangu. Naomba niseme kidogo.

Hicho alichogundua ndugu yetu ndicho tulichokuwa tunafanya kwa daftari. Mwaka ukiisha hukufuta daftari ukaanza upya kurasa zilezile. Ulipiga mstari mwekundu chini ya mzigo wa mwisho, ukaandika jumla, ukaweka sahihi, ukafungua daftari jingine. La zamani likaenda kabatini likiwa na namba zake. Mzigo wa 30 Desemba ukiletewa habari zake tarehe 3 Januari, ulikwenda kwenye lile la zamani, chini ya mstari mwekundu, na maelezo.

Na mwaka ni sehemu ya jina. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ni Namba 5 ya mwaka 1999. Sheria ya Vyama vya Ushirika ni Namba 6 ya mwaka 2013. Ukisema "Namba 5" peke yake hujasema sheria yoyote.

Swali langu ni la ukaguzi. Sisi kitabu cha stakabadhi kilikuja kimeshachapwa namba, na karani akikosea hakuchana. Aliandika IMEFUTWA kwa kukatiza, akaacha nakala zote kitabuni. Mkaguzi alianza kwa kuhesabu. Ikikosekana 0412, hutoki ofisini mpaka ipatikane. Je, kompyuta yako inaruka namba?

---

dagaa_mkavu

Shikamoo mzee. Umegusa penyewe.

Sikwensi inaruka, na haifichi. Ukishachukua namba kutoka kwenye sikwensi, hata muamala wako (maandishi yanayokamilika yote kwa pamoja au yasikamilike kabisa) ukighairiwa, namba hairudi. Imefanywa hivyo makusudi ili watu wasisubiriane. Kwa ufunguo wa ndani haina neno. Kwa stakabadhi ya hela ni tatizo, kwa sababu pengo la kompyuta na pengo la wizi yanafanana machoni pa mkaguzi.

Jedwali la kaunta haliruki, mradi kuongeza kaunta na kuandika mzigo viwe ndani ya muamala mmoja. Muamala ukighairiwa, kaunta nayo inarudi ilipokuwa. Gharama yake ni kwamba anayefuata anasubiri wa kwanza amalize, maana mstari wa kaunta unafungwa kufuli. Kwa mwalo wenye makarani wawili watatu, kusubiri huko ni sehemu ndogo ya sekunde. Ila msije mkaacha kufuli limeshikwa huku mnasubiri printa. Mimi niliwahi: printa iliishiwa karatasi, karani wa pili akaona tableti yake imeganda. Kamilisha muamala kwanza, chapa baadaye.

Na kitendo cha kufuta nimekiondoa kabisa kwenye programu. Kuna kitufe cha IMEFUTWA, kinaomba sababu, rekodi inabaki na namba yake.

---

karani_mstaafu

Marahaba mwanangu. Hapo nimekuelewa.

---

reli_ya_kati

Mimi natumia MySQL, kanzidata nyingine, huku hakuna hiyo ON CONFLICT. Na kuna mtu aliniambia MySQL inaweza kuanza upya yenyewe kwa kila mwaka, sijawahi kuona.

---

dagaa_mkavu

Alikuambia kweli, ila nusu. Kwenye jedwali la aina ya MyISAM, ukiweka ufunguo wa safu mbili, mwaka kwanza kisha namba inayojiongeza, namba inaanza 1 kwa kila mwaka mpya. Wengi walilipenda. Shida, MyISAM haina miamala, na ukifuta rekodi yenye namba kubwa kuliko zote kwenye mwaka huo, namba yake inatumika tena. Kwa hesabu za hela za watu mimi siligusi.

InnoDB, aina nyingine ya jedwali ambayo ndiyo ya kawaida siku hizi, haifanyi hivyo. Na kama seva yako ni ya kabla ya toleo la 8.0, jua kwamba hesabu ya kujiongeza ilikaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Seva ikizimwa na kuwashwa, inaangalia namba kubwa iliyobaki mezani na kuanzia hapo. Ukiwa ulifuta ya mwisho kabla ya umeme kukatika, inatoka tena. Kwa maeneo yetu umeme kukatika si hadithi.

Kaunta ya mwaka kwenye MySQL inajengwa kwa ON DUPLICATE KEY UPDATE, na unaizungushia thamani mpya kwa LAST_INSERT_ID ili uisome mara moja kwenye muunganisho wako bila kuchanganyika na wa mwenzako. Wazo ni lilelile.

---

nyavu_na_nodi

Kuhusu saa. Mimi nipo Kagunga, mpakani kabisa. Simu zetu zinashika mnara wa Burundi, na zikishika tu zinajirudisha saa moja nyuma. Tableti yako ikifanya hivyo usiku wa mwaka mpya si utarudi palepale?

---

dagaa_mkavu

Ahsante sana mkuu, hili sikuliandika na nilipaswa. Ndiyo, Burundi na Kongo ya mashariki ziko saa moja nyuma yetu. Saa sita usiku yetu, kwao bado ni saa tano, bado 31 Desemba. Na ukiangalia jua, wao ndio wenye haki: sisi Kigoma tupo karibu na nyuzi 30 mashariki wakati saa ya Afrika Mashariki inahesabiwa kwa nyuzi 45, ndiyo maana jua linatufikia utosini karibu saa saba mchana. Lakini stakabadhi inafuata saa ya nchi.

Nimefanya hivi: saa inahifadhiwa kwa UTC kila mahali, na mwaka unatolewa sehemu moja tu, kwenye kanzidata, kwa kuibadilisha saa hiyo kuwa ya Africa/Dar_es_Salaam kwanza. Tableti haiulizwi mwaka tena ikiwa mtandaoni. Ikiwa nje ya mtandao, majira yamefungwa kwenye mipangilio yasifuate mnara.

Na kwa kuwa mtandao mwaloni unapotea, kila tableti ina alama yake na kaunta yake. KB1 na KB2 ni tableti mbili za Kibirizi, KT1 ni ya Katonga. KB1/2026/0001 na KB2/2026/0001 ni mizigo miwili tofauti na sharti la upekee linaikubali. Nilifikiria kutoa namba ya muda kisha seva itoe ya kudumu, nikaacha. Mama anaondoka na karatasi papo hapo. Huwezi kumfuata baadaye kumwambia namba yake imebadilika.

---

asali_tabora

Huku Tabora sisi ni asali. Ndoo inapokelewa, inapimwa unyevu, ikizidi asilimia 20 inatengwa. Mnunuzi akilalamika tunarudi kwa namba ya ndoo mpaka kwa mfugaji aliyeileta. Tatizo letu, mwaka wa hesabu unaanza 1 Julai, na mtu wa mauzo anataka mwaka wa kalenda. Wamegombana mpaka namba zimekuwa za aina mbili kwenye ndoo moja.

---

dagaa_mkavu

Mkuu, kaunta haijali mwaka unaanzia wapi. Ile safu ya mwaka waweza kuiita kipindi na kuandika humo '2025/26'. Muhimu ni kuwe na kanuni moja inayogeuza tarehe kuwa kipindi, ikae mahali pamoja, na iwe imeandikwa na kukubaliwa na watu wenyewe kabla hujagusa kibodi. Wa mauzo anaweza kupata ripoti yake ya kalenda kutoka kwenye tarehe. Hahitaji namba yake kwenye ndoo.

Na amueni tarehe ipi: ya kupokea ndoo au ya kuingiza kwenye kompyuta. Mimi nimechukua ya kupokea, kama alivyosema mzee kuhusu daftari la zamani. Kaunta ya 2025 haijafungwa, mzigo wa 30 Desemba ulioandikwa kwenye karatasi ukiingizwa Januari unapata namba ya 2025 inayofuata. Ninaifunga wakishakubaliana hesabu za mwaka.

---

mwembe_ujiji

Umeijaribu kabla ya kuipeleka?

---

dagaa_mkavu

Ndiyo. Nilifungua programu mbili kwa pamoja, kila moja ikaandika mizigo 1,000 kwenye kaunta moja, na nikazikatiza katikati mara kadhaa kwa makusudi. Nikahesabu: hakuna iliyojirudia, hakuna pengo. Kisha nikaisogeza saa ya seva ya majaribio hadi 31 Desemba saa mbili na dakika hamsini na tisa usiku kwa UTC, yaani dakika moja kabla ya saa sita usiku yetu, nikaendelea kuingiza mizigo huku natazama. Ya mwisho ya 2025, kisha 2026/0001. Jaribio hilo la pili ni la dakika tano, na ndilo nisilolifanya mwaka 2024.

Sifuri za mbele zinawekwa wakati wa kuchapa tu. Ndani ni tarakimu. Mzigo ukizidi 9999 lebo itakuwa na tarakimu tano na hakuna kitakachovunjika.

---

karani_mstaafu

Mwanangu, swali la mwisho. Zile saba za Januari na saba za Novemba. Umezifanyaje?

---

dagaa_mkavu

Mzee, sikubadilisha kitu kimyakimya. Za Januari nimeziacha na namba zao, ndizo zilizotangulia kutoka. Za Novemba nimezipa namba mpya kutoka mwisho wa kaunta ya 2025, na kila moja ina safu inayotaja namba ya zamani, kwa hiyo mtu akitafuta 2864 zinakuja zote mbili na onyo kwamba ichunguzwe tarehe. Kisha nikaweka lile sharti la upekee, ambalo lisingekubali kabla ya hapo.

Malipo yamehamishwa kwa mwenyewe, viongozi wa kikundi wakaweka sahihi mbele yake. Sita walibadilishiwa stakabadhi. Yeye alikataa kurudisha ya zamani, akasema ndiyo iliyomsimamia siku zote zile. Nimemchapia mpya, nimeibana na ile, na kwenye maelezo ya rekodi nimeandika kwamba karatasi zote mbili ziko kwake na zote ni halali.